Kizuizi cha Barabara ya Masaka

Liberia,
27 Februari 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama naye nampa shikamoo yake, na goti lake nalipa pole. Nianze kwa kujibu maswali ya mama kabla hajayauliza: ninakula, ninalala kitandani, na hapana, hakuna anayenisumbua ila mbu.

Tulisafiri kwa ndege kubwa isiyo na viti vya maana, tumepangwa ubavuni kama magunia ya kahawa. Mji tuliopo siruhusiwi kuuandika. Kuna mto, kuna daraja la zege, na upande huu wa daraja kuna hema letu la wagonjwa. Mvua za huku hazina adabu. Hazitangulizi hata upepo.

Kazi yetu inaitwa kulinda amani. Makundi yenye silaha yametia saini kwamba yamechoka kupigana. Majeshi ya jirani yalikuwepo kabla yetu, lakini wengine wanasema hayo yana upande. Ndiyo maana tumeitwa sisi wa mbali, tusio na shemeji wala shangazi huku. Kamanda alituambia tulipotua, "Nchi yenu inaaminika. Msiirudishe nyumbani ikiwa na doa."

Dereva wa gari letu la wagonjwa ni koplo Gosbert, mtu wa Muleba. Amekasirika kwamba watu wa huku wanakaanga ndizi badala ya kuzipika na maharage. Ameapa kwamba hatutaondoka kabla hajawafundisha. Tayari ana wanafunzi watatu, wote bibi vizee.

Baba, nikiwa zamu nakumbuka siku uliporudi kutoka Uganda mwaka themanini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulipamba mlango kwa majani ya migomba, na watu wakanywa pombe ya rubisi kwenye migomba ya kibanjani kwetu mpaka wengine wakaimba wakiwa wamelala. Wewe ulikaa kwenye kigoda, ukavua viatu, ukaitazama miguu yako. Nilidhani umechoka tu.

Vita viliisha, wewe ukabakizwa kule karibu mwaka mzima, kulinda. Hiyo ndiyo kazi niliyo nayo mimi leo. Ilikuwaje? Hujawahi kutuambia.

Mwanao,
Anatolia


Bugomora, Karagwe,
17 Aprili 1994

Binti yangu Anatolia,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeletwa na katekista jana. Imepita mikono mingi hadi pembe zimekuwa laini kama kitambaa. Mama yako ameishika kwanza yeye, ingawa hasomi bila miwani na miwani imevunjika. Goti lake bado linatabiri mvua kuliko redio. Maharage yamefunika udongo. Ng'ombe amezaa dume.

Umenirudisha mbali. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka sabini na nane, msimu wa senene, na watu wa ng'ambo ya Mto Kagera walikuwa wanakuja na magodoro kichwani. Tulipanga mstari kwenye uwanja wa shule, wanaume wa Bugomora, Nyakasimbi, mpaka Bweranyange. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nikapunguza mitano. Karani akauliza jina. Nikasema, "Theoneste Karekezi." Akainua kalamu.

"Wewe ni wa wapi hasa?"

Nikamwambia, "Baba yangu alitoka Rwanda kuja kulima kahawa za watu hapa kabla wewe hujazaliwa. Kitovu changu kimezikwa Bugomora. Andika."

Mstari mzima ukacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa jamaa mrefu wa Bweranyange, jina lake Melkiory. Tangu siku hiyo tulikula sahani moja. Tulivuka Kyaka pamoja, tukatembea hadi Masaka, tukalala kwenye matope tukiota ndizi za nyumbani. Sijawahi kuipenda nchi hii kama nilivyoipenda nikiwa na malengelenge yale. Tulijua adui yuko wapi na nyumbani ni wapi. Ilikuwa rahisi, Mungu anisamehe kusema hivyo.

Ninyi mmebeba bunduki ili msipige. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ulichouliza juu ya kulinda, iko siku nitakujibu. Si leo.

Siku kumi na moja zimepita tangu ndege ile ya rais wa Rwanda ianguke Kigali. Shangazi yako Speciose, dada yangu aliyeolewa Kibungo, hatuna habari zake. Mwaka jana walipotia saini ya amani ya Rwanda pale Arusha nilijivuna. Niliwaambia watu kilabuni kwamba nchi yetu sasa ndiyo mahali wagomvi wanapokuja kupatana. Sasa nasikiliza redio na mama yako ananiambia nizime. Mto nao unaleta vitu ambavyo sitaviandika kwenye karatasi.

Jilinde.

Baba yako,
Theoneste Karekezi


Liberia,
3 Julai 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia mwishoni mwa Juni. Na huku tuna redio, kwa hiyo najua nusu ya yale usiyoniandikia. Niambie habari za shangazi hata kama ni mbaya. Mama asiende mtoni kwa sasa, aletewe maji.

Nina jambo, na sina mwingine wa kumwambia ambaye amewahi kuvaa magwanda.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita risasi zilisikika juu ya mto tangu asubuhi. Amri ikatoka kwamba daraja lifungwe, asipite mtu kwenda wala kuja, mpaka makao makuu yaseme. Mchana, saa saba hivi, watu wanne walitokea upande wa pili wamebeba mlango. Juu ya mlango kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili. Waliutua pale mwisho wa daraja wakawa wanapunga mashati. Hawakupiga kelele. Nafikiri kama wangepiga kelele ningeweza kuvumilia.

Luteni alipiga simu ya upepo mara tatu, hakujibiwa. Nikamwambia, "Afande, niruhusu nivuke, dakika arobaini."

Akasema, "Sajini, nikikuruhusu na ukafa, nimekuua mimi. Nikikukataza na yule akafa, vimemuua vita. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Si mtu mbaya. Wale wa magari meupe ya Umoja wa Mataifa walikuwepo pia. Waliandika kwenye daftari zao, wakaondoka. Hao nao hawana bunduki, na kazi waliyotumwa ni kuandika.

Nikachukua mkoba wa dawa, nikaiacha bunduki mezani, nikaanza kutembea. Nilipofika katikati ya daraja nikasikia viatu nyuma yangu. Ni Gosbert.

"Rudi," nikamwambia.

"Sajini, utashika mkoba kwa mkono gani na mtoto kwa mkono gani?"

Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sitakueleza yote. Alizaliwa msichana, akalia, na mama yake akaniita jina ambalo sijui maana yake. Kisha tulirudi.

Nimefunguliwa mashtaka ya kuvunja amri. Huenda nikavuliwa cheo, huenda nikarudishwa. Baba, ulipokuwa mlinzi kule Uganda, iliwahi kutokea siku ambayo amri ilikwenda njia moja na moyo wako njia nyingine? Ulifanyaje?

Naomba unijibu upesi.

Anatolia


Bugomora,
28 Agosti 1994

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kahawa zimeanikwa, jua ni la kutosha. Yule dume la ng'ombe ameshakuwa mtundu.

Shangazi yako Speciose amefika. Peke yake. Mengine usiyaulize kwenye barua. Analala chumbani kwako. Kutwa yuko kibanjani anapalilia palipokwisha kupaliliwa, na mama yako anamwacha. Watu waliovuka ni wengi kuliko unavyoweza kufikiria, wamejaa kwenye makambi, na miti ya kuni inakwisha. Wanyambo, wenyeji wa hapa, wametoa walichokuwa nacho. Wengine sasa wameanza kuchoka, siwalaumu.

Nimesoma habari ya daraja mara nne. Sina la kukushauri.

Barua hii ni fupi kwa kuwa kesho nakwenda wilayani Kayanga, ni mara ya tatu mwezi huu. Mambo madogo ya ofisi. Halafu nikuulize: ulipokuja likizo Krismasi iliyopita, uliona popote cheti changu cha mgambo, kile chenye picha na muhuri? Hakimo kwenye sanduku la bati. Mama yako anasema ni panya. Mimi sijawahi kuona panya anayekula muhuri akaacha nguo za Pasaka.

Baba yako


Liberia,
9 Oktoba 1994

Baba,

Shikamoo. Mpe shangazi pole yangu, na umwambie alale upande wa dirishani, upande wa ukutani unavuja.

Cheti chako nilikichukua mimi.

Nilikiona nikitafuta shuka. Ile picha ya mwaka themanini, mashavu yamekuingia, macho kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Nilijua natumwa mbali na nikataka niondoke na uso huo. Nilidhani sitakosa kukirudisha kabla hujajua. Nilikiweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wa dawa, na mkoba ule ulibaki kule darajani siku ile. Baadaye nilituma watu wakautafute. Dawa zimechukuliwa na karatasi hazionekani.

Nisamehe. Adhabu ya jeshi wamenipa: nimevuliwa alama moja, sasa mimi ni koplo. Hiyo haikuniuma kama ninavyoumia kukuandikia mistari hii.

Lakini baba, mtu haendi Kayanga mara tatu kwa mwezi mmoja kwa mambo madogo, na hatafuti cheti cha miaka kumi na minne ili akitazame tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma barua kwa kutazama palipoachwa wazi. Kuna nini? Usinifiche kwa sababu niko mbali. Hapa kila siku kuna kitu kinachonitisha. Nipe basi kimoja kinachonihusu.

Huku mambo yanakwenda. Makundi yaliyokuwa mawili sasa ni matano au sita, na kila moja linataka tulitambue. Chakula kinachelewa, mafuta ya gari yanachelewa zaidi. Mvua bado.

Anatolia


Bugomora,
27 Novemba 1994

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, anasema cheti ni karatasi na wewe ni mtoto. Amesema hivyo, kisha akaenda jikoni akalia.

Nitakueleza yote, maana umesema kweli.

Tangu wakimbizi waingie, liko tangazo kwamba kila mwenye asili ya ng'ambo aonyeshe uthibitisho wa uraia. Mtu mmoja akasema nyumba ya Karekezi imeficha mkimbizi. Sikumficha mtu, nilimpokea dada yangu aliyezaliwa kwenye nyumba hii hii. Kijana wa ofisini, mgeni katika wilaya hii, aliniambia kwa heshima kabisa, "Mzee, kama huna karatasi, nitakuandikisha pamoja na dada yako, mkae kambini wakati tunachunguza." Nikamwambia nilipigana vita vya nchi hii. Akasema, "Nionyeshe." Ndiyo maana nilikuwa natafuta cheti.

Usijilaumu. Sikiliza kwanza cheti kile nilikipataje.

Machi ya mwaka themanini tulikuwa watu sita kwenye kizuizi cha barabara ya Masaka, mimi mkuu wao. Mwanzoni watu wa kule walitupenda mno. Walituletea maziwa, watoto wakajifunza Kiswahili chetu. Ila mwaka ulipozunguka, wakawa wanatupita bila kutusalimia. Mgeni mwenye bunduki, hata akiwa mwema, anakaa kwenye njia ya mtu.

Siku moja bunduki tatu zilikuwa zimeibwa kambini. Amri ilikuwa asipite mtu mpaka kamanda arudi. Saa nne asubuhi akaja mzee anasukuma baiskeli, mkewe ameketi nyuma, amefungwa kwa kitenge asianguke. Alikuwa anawaka homa, anaenda hospitali. Nikakataa.

Melkiory akasema, "Theoneste, mama huyu anakufa."

"Amri ni amri."

"Bunduki tatu zimefichwa tumboni mwake?"

Akashika gogo la kizuizi alinyanyue. Nikaweka mkono wangu juu yake. "Nyanyua, nitakuandika." Akanyanyua. Nikaamuru wenzetu wamvute nyuma, wakamvuta, gogo likarudi chini.

Yule mama alifariki saa nane, chini ya mkalitusi, hatua thelathini kutoka nilipokuwa nimesimama. Kamanda alifika saa tisa akafungua njia. Mzee hakutulaani. Aliomba tu asaidiwe kumfunga mkewe kwenye baiskeli ili amrudishe nyumbani. Melkiory ndiye aliyemsaidia. Nami nikaenda kuandika ripoti yangu. Melkiory alifungwa siku arobaini, akarudishwa nyumbani bila gwaride wala cheti. Mimi nikapewa changu.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kila siku nilikuwa nasikia kalamu ya yule karani. Nilitaka isipite hata siku moja ambayo mtu angesema Karekezi amelegea kwa kuwa si wa hapa. Siku niliporudi na mkapamba mlango, nilikuwa naitazama miguu iliyokataa kusogea.

Sasa unajua kwa nini sikuwa na ushauri. Ulifanya alichotaka kufanya Melkiory.

Yeye ndiye mtu pekee aliye hai wilaya hii aliyenijua kule. Tangu mwaka themanini tunapishana mnadani Kayanga bila neno. Kesho nadandia lori la kahawa kwenda Bweranyange.


15 Desemba

Sikuituma barua. Nilisubiri nijue mwisho wake.

Nilimkuta Melkiory akitandaza nyasi kibanjani kwake. Hakunikaribisha kuketi. Mkewe, Placidia, alileta kahawa za kutafuna, akaona sura zetu, akaziweka chini akaondoka. Nikamwambia, "Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kuomba radhi. La pili ni shida yangu, na hata ukilikataa, la kwanza linabaki."

Alimaliza kutandaza fungu alilolishika. Kisha akauliza, "Yule mzee aliitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Mimi nilimuuliza. Aliitwa Lubega. Nilimsindikiza mpaka kwake kabla hamjanikamata. Ulikuwa hujui hata kwamba nilifika kwake."

Nilikuwa sijui.

Nikamtajia siku niliyoitwa ofisini, naye akanigeuzia mgongo akaendelea na nyasi zake. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama yako afungashe. Siku ya kuitwa, jana, nilikwenda Kayanga na Speciose na mabegi mawili. Melkiory alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, amevaa koti lake la kanisani.

Kijana akamuuliza, "Mzee, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu, na simpendi."

"Ni Mtanzania?"

"Kijana, huyu alizishika amri za nchi hii mpaka akanifungisha mimi siku arobaini. Ni mgeni gani angejisumbua hivyo?"

Watu walicheka. Mimi na Melkiory hatukucheka. Kijana akaandika, tukatia dole gumba, na jina langu likafutwa kwenye orodha ile.

La Speciose halikufutwa. Ndoa yake ni ya kule. Yuko kambini. Kila Jumamosi nitampelekea ndizi kwa baiskeli, nami nimemwambia sitachoka.

Tulitoka na Melkiory hadi njia panda. Akasema, "Nimekuja kwa ajili ya ukweli. Usidhani tumepatana." Nikasema sidhani. Lakini alinisubiri nifunge baiskeli vizuri, ndipo akaondoka.

Nimalizie. Tangu Julai barua zako hazina Gosbert. Uliniandikia "kisha tulirudi," ukaruka. Nami nimeruka miaka kumi na minne, kwa hiyo najua mruko unavyoonekana.

Baba yako


Dar es Salaam,
2 Aprili 1995

Baba, mama,

Shikamooni. Tumerudi. Tulishuka alfajiri, na joto la Dar likanikumbatia kama ndugu. Hakukuwa na majani ya migomba mlangoni. Tulipanga mstari, tukahesabiwa, tukapewa chai. Wakubwa wanasema msaada ulioahidiwa na mataifa tajiri ulikuwa unafika nusu, na nchi yetu haina uwezo wa kubeba mzigo ule peke yake. Sijui. Najua tu kwamba siku tulipoondoka, wale bibi walitupungia mikono, na mmoja alikuwa ameshika sufuria ya ndizi zilizopikwa na maharage.

Baba, barua yako niliisoma macho yangu yakikataa. Nilimpenda Melkiory. Na wewe sikukupenda pungufu.

Gosbert alikufa.

Tulikuwa tunarudi, tumefika katikati ya daraja. Risasi zilitoka vichakani, hata hatujui ni za kundi gani. Alitupa mkoba, akanisukuma nyuma ya nguzo ya zege. Nguzo ilitosha mtu mmoja. Aliishi siku mbili. Siku ya pili aliniuliza kama mtoto ananyonya, nikamwambia ananyonya, ingawa sikuwa nimesikia lolote.

Nilivuka bila amri, naye akanifuata. Wewe ulitii, mtu akafa. Mimi nilikataa, mtu akafa. Kwenye ile karatasi ya adhabu waliandika kwamba mama na mtoto wako hai. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyosoma barua yangu.

Mama yake Gosbert yuko Muleba. Jeshi lilimpelekea taarifa na jeneza. Mimi sijamwandikia neno. Kila nikianza nafika kwenye jina la mwanawe tu. Nifanyeje?

Nimepewa likizo ya mwezi mmoja, kuanzia Mei.

Anatolia


Bugomora,
16 Aprili 1995

Anatolia, mwanangu,

Marahaba. Leo ni Pasaka. Mama yako amevaa miwani mpya, amesoma barua yako mwenyewe, polepole, kisha ameikunja na kuiweka ndani ya blauzi yake. Speciose aliruhusiwa kuja kusali nasi. Ametupalilia tena.

Usimwandikie mama wa Gosbert. Nenda. Atakuuliza alikufaje, na huenda akakufukuza. Ukifukuzwa, kaa barabarani mpaka akuite. Na kama hakukuita, utakuwa umefika. Nilichokosa mimi ni kufika.

Hutakwenda peke yako. Panda basi litakalofika Jumatano ya tarehe kumi ya mwezi ujao. Nitakuwa stendi ya Muleba tangu asubuhi, nimevaa koti la kijivu. Mama yako ametenga mkungu mzuri wa kupeleka. Hatutasema mengi pale. Utaeleza kuhusu daraja, kuhusu wanafunzi wake wa kupika, na kuhusu lile swali lake la mwisho. Jibu ulilompa usilione aibu.

Tukitoka huko utakuja upumzike. Mimi nitakuwa na safari nyingine. Jumapili iliyopita Melkiory alikuja hapa, mara ya kwanza tangu tuvue magwanda. Alikataa rubisi, akanywa maji. Akasema njia ya Masaka sasa ina lami mpya sehemu nyingine, lakini yeye bado anaijua nyumba: nyuma ya kanisa dogo, ina miparachichi miwili. Mzee Lubega huenda hayupo tena. Watoto watakuwepo.

Tumekubaliana kwenda kabla ya mavuno ya kahawa.

Baba yako,
Theoneste Karekezi